Makumbusho ya Reli Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuyatembelea Hatua kwa Hatua

Mgeni wa kawaida wa Makumbusho ya Reli Nairobi humaliza ziara yake kwa nusu saa. Anapita langoni, anaikimbilia injini kubwa kuliko zote, ananing'inia mlangoni mwake kama makanga wa matatu, anapigwa picha, anaondoka. Sina ugomvi naye, maana nami mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo. Picha nilikuwa nimeshaipata pale mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli aliponiuliza nimeona nini.

"Nimeona treni, mzee."

"Kijana, treni ni injini pamoja na mabehewa yake. Hiyo uliyopigia picha ni injini tupu. Haya, namba yake inasemaje?"

Sikujua kuwa namba husema. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijaulizwa swali lile: uanzie wapi, usome nini, na utafute nini ambacho hakikuandikwa popote. Tenga saa tatu. Mbili zinatosha ukiruka mabehewa, lakini ukiyaruka umeacha nusu ya habari.

Hatua ya 1: Beba miaka minne kichwani

Si lazima usome vitabu kabla ya kwenda. Miaka minne inatosha, na ukiwa nayo kila kitu utakachokiona kitajua pa kukaa.

1896. Ujenzi unaanza Mombasa. Waingereza wanataka njia ya kuwafikisha Ziwa Victoria na Uganda, na mhandisi mkuu ni George Whitehouse. Reli inaitwa Reli ya Uganda, jina ambalo hadi leo linawachanganya watu kwa sababu njia yote hiyo iko ndani ya nchi tunayoiita Kenya. Kilichohama ni mpaka. Wakati ule upande wa Kisumu ulihesabiwa kuwa Uganda, ukaja kuhamishwa mwaka wa 1902, reli ikiwa imeshafika.

1899. Mwezi wa Mei reli inafika kwenye tambarare yenye majimaji ambayo Wamaasai waliitaja kwa maji yake baridi. Nyuma kuna zaidi ya kilomita 500 za njia iliyokwisha kulazwa, mbele kuna mteremko wa kutisha wa Bonde la Ufa. Wajenzi wanalazimika kutua, kuweka bohari na karakana, na makao makuu ya reli yanahamishwa kutoka Mombasa. Mji wa Nairobi uliota kandokando ya karakana hiyo. Kwa hiyo makumbusho haya, yakiwa jirani na stesheni kongwe, yako karibu na kitovu chenyewe cha jiji.

1901. Mwezi wa Desemba reli inagusa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Msumari wa mwisho unapigiliwa na Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston.

1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika na shirika la reli la pamoja linagawanyika. Makumbusho yalikuwa yameshafunguliwa mwaka wa 1971 chini ya shirika hilo la nchi tatu. Likumbuke hilo utakapokuta majina ya milima na makabila ya Tanzania kwenye vyuma vilivyoegeshwa Nairobi.

Hatua ya 2: Fika mahali penyewe

Kosa la kwanza la wageni hutokea kabla hawajaona chuma chochote. Ukimwambia dereva wa teksi "nipeleke stesheni ya treni" na usifafanue, unaweza kujikuta Syokimau, nje kabisa ya jiji, kwenye stesheni ya Madaraka Express, treni mpya ya Mombasa. Makumbusho hayako huko. Yako katikati ya jiji, upande wa Barabara ya Haile Selassie, karibu na stesheni ya zamani ambayo wenyeji wanaiita Railways tu. Kando ya stesheni hiyo kuna njia ndefu inayoelekea makumbusho, na kwa miguu si mbali. Kama unatoka Mombasa kwa Madaraka Express, usihangaike na teksi: panda treni ya abiria inayounganisha Syokimau na stesheni ya jijini, ushukie karibu kabisa na unakokwenda.

Sehemu hiyo ina steji ya matatu na soko la Muthurwa halipo mbali, kwa hiyo msongamano ni wa kweli. Simu iwe mfukoni mpaka uingie ndani.

Beba kitambulisho. Kiingilio hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa kutoka nje, na kati ya mtu mzima na mtoto. Asiye na cha kuonyesha hana cha kubishania. Vaa viatu vilivyofunika vidole, maana utapanda ngazi za chuma na kukanyaga kokoto. Beba maji, kofia na tochi ndogo ya kumulika ndani ya injini. Halafu kuna kitu ambacho hakuna anayekibeba: tepu ya kupimia, ile ya fundi. Nitakuambia kazi yake baadaye.

Nenda asubuhi. Saa saba mchana, jua likiwa limeshapasha vyuma, huwezi kushika vishikizo vya ngazi. Na kama usiku kulinyesha sana, subiri hadi kesho yake, kwa sababu ngazi zilizolowa zinateleza kama sabuni.

Hatua ya 3: Anzia ndani, si uwanjani

Hapa ndipo nitakapokuomba unisikilize hata kama miguu inakuvuta kwingine. Injini haziendi popote. Ingia kwanza kwenye jengo la maonyesho.

Ndani kuna picha za zamani, mifano midogo ya treni na meli, vyombo vya mezani, na vikorokoro vingi vya kazi ya reli. Ukianzia uwanjani utachoka, na ukija humu utapita kama mtu anayetafuta choo. Ukianzia humu, utatoka nje ukiwa na maswali.

Watu wengi hushangaa: meli za nini kwenye makumbusho ya reli? Jibu liko kwenye jina la shirika lenyewe, ambalo lilikuwa la reli na bandari. Reli ilipofika Kisumu safari ilikuwa haijaisha, kwani mzigo wa Uganda ulivushwa ziwa kwa meli. Meli hizo ziliwafikia wajenzi wake vipande vipande, kila kipande na namba yake, zikaungwa ukingoni mwa ziwa. SS William Mackinnon, meli ya kwanza ya mvuke ya namna hiyo kwenye Ziwa Victoria, ilianza safari zake katika miaka ile ile reli ilipokuwa bado inalisogelea ziwa.

Sasa jifunze mbinu ya kutambua umri. Karibu kila kitu cha reli kiligongwa herufi za mwenye mali: kijiko, sahani, taa, kufuli, hata kitako cha kiti. Herufi hizo ni kama cheti cha kuzaliwa. UR ni Reli ya Uganda, yaani miaka ya mwanzo kabisa hadi ya 1920. KUR ni Reli ya Kenya na Uganda, na ukiona imeongezewa H ni kwamba bandari zimeingia. EAR&H ni baada ya 1948, Tanganyika ilipounganishwa na wenzake. EAR bila H ni baada ya 1969, bandari zilipotengwa na kuwa shirika lake. Chukua sahani moja, au taa moja, uitafute herufi kabla hujasoma maelezo ya karatasi. Ukipatia mara tatu mfululizo utaanza kujisikia mwenyeji.

Kabla ya kutoka, tafuta kiti cha mbele ya injini. Ni benchi lililofungwa kwenye pua ya injini, mbele kabisa, ili mgeni wa heshima akae akipigwa na upepo huku akitazama wanyama, au akiwalenga kwa bunduki. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alisafiri hivyo mwaka wa 1909. Simama mbele ya benchi hilo ujiulize maswali madogo ya mwili: miguu iliwekwa wapi? Ng'ombe akikatiza je? Nyuma ya mgongo wa mheshimiwa kuna tanuri linalowaka na dereva ambaye haoni vizuri mbele kwa sababu ya kofia ya mheshimiwa huyo. Mimi ningekaa daraja la tatu.

Hatua ya 4: Behewa la Ryall

Hiki ndicho kitu kinachofaa kupewa muda kuliko vyote, na watu wengi hukipita kwa sababu kwa nje ni behewa la mbao kama mengine.

Kwanza tenganisha visa viwili ambavyo karibu kila mtu huvichanganya. Simba wa Tsavo walikuwa wawili, waliwashambulia wajenzi wa daraja mwaka wa 1898, na waliuawa na John Henry Patterson mwezi wa Desemba mwaka huo. Ngozi zao ziliuzwa baadaye, nao wako Chicago, kwenye Field Museum. Nairobi huwezi kuwaona. Kisa cha behewa hili ni kingine: ni Juni 1900, mahali ni Kima, stesheni ndogo upande wa Ukambani, na simba ni mmoja.

Charles Ryall alikuwa afisa wa polisi wa reli. Alisikia kuwa simba anawasumbua watu wa Kima, akaamua kulala pale kwenye behewa lake ili amwinde. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa liliegeshwa kwenye njia ya pembeni ambayo haikuwa imesawazishwa vizuri, kwa hiyo lililalia upande mmoja kidogo. Ryall akashika zamu ya kwanza, akakaa macho karibu na dirisha. Inaelekea usingizi ulimzidi.

Sasa sogea utazame mlango. Ni wa kutelezesha, wa kusukuma pembeni. Simba aliingia kwa mlango wa namna hiyo, na uzito wake ulipolilaza behewa zaidi, mlango ukateleza wenyewe ukajifunga nyuma yake. Ndani wakawa binadamu watatu na simba mmoja, chumba hicho hicho. Tumia hatua zako kupima upana wake. Parenti alikuwa amelala sakafuni, na simba alimkanyaga wakati anamkamata Ryall. Huebner, aliyekuwa kitanda cha juu, aliruka kukimbilia chumba cha watumishi, lakini wao kwa hofu walikuwa wameushikilia mlango wao kwa nguvu zote. Kisha simba akaruka na Ryall kupitia dirishani. Tazama ukubwa wa dirisha hilo, halafu utazame mabega yako.

Kuna wachekeshaji ambao hawawezi kulitaja jina la Kima bila kukumbuka nyama ya kusaga. Mzee wangu hakucheka. Alisema hivi tu: "Huyo mmoja ana behewa zima la kumkumbuka." Maneno hayo nitayarudia mbele kidogo.

Hatua ya 5: Uwanjani, jifunze kusoma injini

Nje zimeegeshwa injini na mabehewa mengi, mengine yamepakwa rangi upya, mengine kutu imeyala hadi unaona anga kupitia ubavuni. Usijaribu kuyamaliza yote. Chagua injini nne au tano uzisome vizuri. Kila moja soma mambo manne kwa mpangilio huu.

La kwanza ni namba. Injini za shirika la Afrika Mashariki zina tarakimu nne: mbili za mbele ni kundi, mbili za nyuma ni nafasi ya injini katika kundi. Kwa hiyo 5918 ni ya kundi la 59, ya 18 katika kundi lake. Hilo ndilo jibu nililokosa kumpa mzee. 2921 ni ya kundi la 29, na 3020 ni ya kundi la 30.

La pili ni jina, kama bado liko. Majina hayakutolewa ovyo. Kundi la 29 na la 30 yana majina ya makabila: 2921 ni Masai of Kenya, na 3020 ni Nyaturu, watu wa Singida. Kundi la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Utaona 6006, iliyopewa jina la Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika katika miaka ya 1930. Kundi la 59 ni milima: 5918 ni Mount Gelai, mlima ulioko karibu na Ziwa Natron, na 5930 ni Mount Shengena, kilele cha milima ya Upare. Injini za Nairobi zenye majina ya Singida na Upare: hiyo ndiyo ramani ya shirika lililokufa 1977, nawe unaisoma kwenye bati.

La tatu ni magurudumu. Simama upande mmoja uyahesabu kutoka pua hadi mkia. Kwenye 2921 utaona dogo moja, makubwa manne, dogo moja. Kwenye 3020 ni dogo moja, makubwa manne, madogo mawili. Magurudumu ya behewa dogo la maji na mafuta linalofuata nyuma usiyahesabu. Madogo ya mbele yanaongoza njia, ya nyuma yanabeba uzito wa tanuri, na makubwa ndiyo yanayovuta. Ukijua hilo, injini mbili ulizodhani ni pacha zinaanza kuwa na sura tofauti.

La nne ni kibao cha kiwanda, kipande cha shaba au chuma kilichopigiliwa ubavuni kikitaja mtengenezaji, mahali na mwaka. Za kundi la 29 na la 30 zinatoka Glasgow, kwa North British. Za kundi la 59 zinatoka Manchester, kwa Beyer Peacock. Pale kibao kilipong'olewa utaona matundu ya misumari tu. Vibao ni vitu ambavyo wakusanyaji wanavipenda kupita kiasi.

Sasa nenda kwa Mount Gelai, ile kubwa yenye rangi ya damu ya mzee. Usianzie mlangoni. Anzia puani, utembee polepole hadi mkiani ukihesabu hatua. Ukimaliza utakuwa umepita zaidi ya mita 30 za chuma, tani 252, magurudumu 14 upande mmoja. Injini 34 za kundi hili zilitengenezwa mwaka wa 1955 na 1956, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyozidi uzito na nguvu zake popote duniani. Kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Ukitazama vizuri utaona si mwili mmoja. Boila iko katikati, imebebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ni kama mgonjwa kwenye machela: wabebaji ni wawili, wa mbele akikata kona wa nyuma bado anakwenda moja kwa moja, na mgonjwa hapinduki. Namna hii inaitwa Garratt. Reli yetu ilikuwa nyembamba, yenye kona kali na vyuma visivyoweza kuhimili uzito mwingi mahali pamoja. Badala ya kujenga reli upya, walitandaza uzito juu ya magurudumu mengi na kuiacha injini ijikunje kwenye kona. Inama utafute kiungo ambapo mtambo wa mbele unakutana na boila. Hapo ndipo siri yote ilipo, na ndipo pasipopigwa picha na mtu yeyote.

Hatua ya 6: Ndani ya kibanda cha dereva

Kama kupanda kumeruhusiwa, panda kwa mikono miwili, mkoba ukiwa mgongoni. Usikanyage bati lililoinuka wala ubao uliooza, na usipande juu ya paa kwa ajili ya picha yoyote. Shikashika kabla ya kukaa, kwani grisi ya miaka mingi bado imo na haitoki kwenye suruali.

Washa tochi. Mbele yako kuna ukuta wa mabomba unaoonekana kama fujo, lakini wewe tafuta vitu vitatu tu. Kuna kishikizo kirefu cha kufungulia mvuke uende kwenye silinda, ambacho dereva alikuwa na mkono wake juu yake safari nzima. Kuna saa ya shinikizo, yenye mshale. Halafu kuna kioo cha maji, bomba jembamba la wima linaloonyesha maji ndani ya boila yako usawa gani. Mzee aliniambia kuwa abiria humwogopa simba, lakini watu wa injini walikiogopa kioo. Maji yakishuka chini ya bati la juu ya tanuri, bati hilo linakosa cha kulipoza, linalainika, na boila inaweza kupasuka.

Nilimuuliza sepetu ya makaa iliwekwa wapi. Akacheka mpaka akashika ngazi. "Mwanangu, hii haikula makaa. Hii ilikunywa mafuta." Ni kweli, injini hizi za mwisho zilichoma mafuta mazito, yaliyopulizwa ndani ya tanuri kama kipulizio. Kwa hiyo usitafute sepetu. Tafuta valvu ndogo ambayo msaidizi wa dereva aliifungua na kuifunga kulingana na mlima. Akizidisha, moshi mweusi ulimsema kwa kila mtu aliyekuwa mbali.

Hatua ya 7: Mabehewa na madaraja yake

Hapa sitakuambia mengi, kwa sababu mwili wako utakuambia. Ingia kwanza behewa la daraja la kwanza, kama liko wazi, uangalie kitanda, beseni la kunawia na nafasi ya kunyoosha miguu. Halafu nenda daraja la tatu, kwenye benchi la mbao. Kaa dakika tano bila simu. Sasa hesabu kuwa safari ya Mombasa ilikuwa ya usiku kucha.

Enzi za ukoloni tofauti hiyo haikuwa ya nauli peke yake. Rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua uingie mlango gani, na madaraja yalifuata mpangilio huo: Wazungu, Wahindi, Waafrika. Ukitoka hapo, kumbuka kuwa nyumba walizopangiwa wafanyakazi Waafrika wa reli zilikuwa Muthurwa, jirani tu.

Hatua ya 8: Tafuta watu wasio na kibao

Nilisema nitarudi kwenye maneno ya mzee. Ryall ana behewa zima. Florence Preston ana msumari wa mwisho. Magavana wana injini. Wajenzi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini, wengi zaidi kwa malaria, kuhara na ajali kuliko kwa simba yeyote. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, wapatao 6,700 wakabaki. Hao hawana kibao cha shaba. Wala Waafrika waliofyeka msitu, waliobeba mizigo na waliopasua miamba hawana.

Kwa hiyo rudi kwenye picha za ndani kabla ya kuondoka, safari hii usome kinyume. Mara ya kwanza ulimtazama Mzungu mwenye kofia aliyesimama katikati. Mara hii tazama pembeni na nyuma: nani ameinama, nani ameshika nyundo, nani amebeba mataruma begani, nani hana viatu. Maelezo ya picha mara nyingi humtaja mmoja. Hesabu waliobaki.

Tafuta pia upinzani. Wanandi waliisumbua reli kwa miaka, wakichukua nyaya za simu za shaba na vyuma vya njia, na viongozi wao walikuwa wameonya juu ya nyoka wa chuma atakayepita nchini mwao. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen mwezi wa Oktoba 1905, alipokuwa amekuja kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Uwe na maswali mawili ya kumuuliza mwongozaji: nani alifanya kazi kwenye injini hii, na njia hii ilipita kwenye ardhi ya nani? Mwongozaji mzuri huvuta kiti akisikia swali la pili.

Na ukikutana na mstaafu wa reli, mwamkie ipasavyo, umwache aanze mwenyewe. Usimwelekezee simu usoni. Mwambie "Shikamoo mzee, ulikuwa idara gani?" Neno hilo "idara" hufungua milango. Dereva, fundi wa boila, mkaguzi wa tiketi na stesheni masta wana reli nne tofauti vichwani mwao.

Hatua ya 9: Ukiwa na watoto

Watoto chini ya miaka kumi hawataki tarehe. Wape kazi: mmoja ahesabu magurudumu, mwingine atafute herufi za mwenye mali, wa tatu asome namba na kusema kundi. Kisa cha Ryall waambie baada ya kutoka kwenye behewa, siyo ndani, la sivyo usiku mtalala wote kitanda kimoja. Wanafunzi wakija kwa makundi kelele huwa nyingi. Ukiona basi la shule langoni, anza na kona ya mbali ya uwanja, wao huanzia karibu.

Ukiwaona wachoraji wakifanya kazi uwanjani, usishangae. Kwa miaka mingi wasanii wa Nairobi wamekuwa na makazi yao ya kazi kwenye makumbusho haya, na michoro yao ya ukutani ni sehemu ya kinachoonekana. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya kazi ambayo haijakamilika.

Hatua ya 10: Toa tepu

Tafuta kipande cha njia ambacho injini ya maonyesho imesimama juu yake. Mmoja ashike mwisho wa tepu kwenye ukingo wa ndani wa chuma cha kushoto, mwingine aivute hadi ukingo wa ndani wa chuma cha kulia. Ni mita moja, pengine na tofauti ya milimita chache za uzee. Tani 252 za Mount Gelai zilipita juu ya upana huo, ambao mtoto wa darasa la tatu anaukatiza kwa hatua moja.

Kisha rudi stesheni kongwe, ukate tiketi ya treni ya abiria ya jioni inayokwenda Syokimau. Inapita kwenye upana huo huo. Kaa dirishani upande wowote. Ukishuka mwisho wa safari utaikuta reli ya mwaka wa 2017, ya Madaraka Express, karibu na hii ya zamani, nayo ina upana wa milimita 1,435. Tofauti unaiona kwa macho. Tepu iache mkobani, maana njia hizo zina treni.